Kugundua Hitilafu Kwenye Mfumo wa Udhibiti Otomatiki, na Kuuwezesha Kuendelea na Kazi

Mfumo wa udhibiti otomatiki una tabia moja inayowaponza mafundi wengi: huficha ubovu wake wenyewe. Kidhibiti kimewekwa ili kipimo kisitoke kwenye thamani lengwa, na kitahangaika kukirudisha hapo hata kama pampu imechakaa, vali inakwama au kihisi kinasema uongo. Kwenye skrini mstari umenyooka, zamu inakabidhiwa bila neno, na hitilafu inakomaa chinichini hadi siku kidhibiti kinapoishiwa nguvu ya kuifidia. Anayetazama kipimo pekee huiona akiwa ameshachelewa. Itafute kwenye amri ambayo kidhibiti kinatoa, na kwenye uhusiano wa vipimo vyenyewe kwa vyenyewe.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfumo mdogo na tubaki nao. Tangi la maji lina kitako chenye eneo la mita za mraba 10. Thamani lengwa ya kina ni mita 4.0, na maji hufurika yakifika mita 4.5. Pampu inayobadilishwa mwendo huingiza hadi mita za ujazo 20 kwa saa. Watumiaji huchota hadi 15 kwa saa. Kuna kihisi cha kina kinachotuma ishara ya mkondo wa umeme wa miliampia (mA) 4 hadi 20 kwa mita 0 hadi 5, mita ya mtiririko kwenye bomba la kuingiza, na nyingine kwenye bomba la kutoa. PLC, yaani kompyuta ya viwandani inayoendesha mitambo, inasoma yote na kuendesha pampu kwa PID, kanuni ya udhibiti inayotumia kosa la sasa (P), limbikizo lake (I) na kasi ya mabadiliko yake (D). Ukihama kwenye boila, tanuri au mkono wa roboti, namba zitabadilika, lakini hatua ni hizihizi.

Hatua ya 1: Hesabu muda ulionao kabla ya madhara

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, chukua mchoro wa mfumo, pitia kifaa kimoja kimoja na ujiulize maswali mawili, majibu uyaandike kwenye jedwali. Kikiharibika, kidhibiti kitafanya nini? Na madhara yatafika baada ya muda gani?

Tuseme waya wa kihisi cha kina umekatika. Mkondo unashuka hadi 0 mA. Kila mA 1 ni sentimita 31.25, kwa hiyo hesabu inatoa kina cha mita 1.25 chini ya sifuri. Programu nyingi huikata namba hiyo na kuandika 0. Kidhibiti kinaamini tangi ni tupu, kinaipeleka pampu asilimia 100. Ikiwa wakati huo hakuna anayechota, maji yanapanda mita 2 kwa saa, yaani sentimita 3.3 kwa dakika. Nafasi iliyopo ni sentimita 50. Una dakika 15.

Ndani ya dakika hizo inabidi mfumo ugundue, uthibitishe, uamue na utende. Usizitumie zote: mimi hupanga kazi yote iishe ndani ya theluthi ya muda, kwa sababu hesabu yenyewe haikosi matundu. Kwenye mota ya roboti muda huo unaweza kuwa milisekunde chache, na hapo hakuna binadamu wa kuitwa. Kwenye tanuri kubwa ni saa kadhaa, na mara nyingi kengele nzuri pamoja na mwendeshaji aliye macho vinatosha. Watu huweka mitambo ya kugundua hitilafu yenye hesabu nzito mahali ambapo muda uliopo haukuidai kabisa.

Sasa chukua hitilafu ya pili, ya taratibu. Kihisi kimepotoka, kinasoma pungufu kwa sentimita 30. Kidhibiti kinaongeza maji hadi kihisi kiseme 4.0, ilhali kina halisi ni 4.3. Skrini haina dosari hata moja. Lakini nafasi imebaki sentimita 20, na zile dakika 15 zimekuwa 6. Hitilafu hii haijamwaga hata tone. Imekula akiba ya usalama ambayo hitilafu ijayo ingeihitaji. Iandike kwenye jedwali lako kwa uzito uleule wa waya uliokatika.

Hatua ya 2: Kagua kila ishara peke yake

Huu ndio ukaguzi rahisi kuliko wote, na unakamata mengi.

Anza na mkondo wenyewe. Pendekezo NE 43 la NAMUR, umoja wa watumiaji wa teknolojia ya otomatiki viwandani, linalofuatwa na vihisi vingi vya viwandani, linatenga 3.8 hadi 20.5 mA kwa vipimo halali. Chini ya 3.6 mA au juu ya 21 mA ni ishara kwamba kuna ubovu. Kwa hiyo PLC ikague mkondo ghafi kabla haujageuzwa kuwa mita. Ukibana namba kati ya 0 na 5 mapema mno, habari ya waya kukatika inapotea palepale. Fungua pia mipangilio ya kihisi uone kimeambiwa kipeleke mkondo wapi kikijitambua kibovu. Kwenye tangi letu kipeleke juu: hata kama programu imesahau kukagua, kidhibiti kitadhani tangi limejaa na kuzima pampu.

Kisha kagua kasi ya mabadiliko. Maji ya tangi hili hayawezi kupanda zaidi ya sentimita 3.3 kwa dakika wala kushuka zaidi ya 2.5. Kipimo kikiruka sentimita 20 ndani ya sekunde moja, kilichoruka si maji. Acha nafasi kidogo kwa ajili ya mawimbi, hasa pale bomba linapomwaga kutoka juu.

Baada ya hapo, kuganda. Kihisi kilicho hai hutetemeka kidogo kwenye tarakimu ya mwisho. Kipimo ambacho hakijabadilika kabisa kwa dakika 10, huku pampu inasukuma na watumiaji wanachota, kimeganda: pengine bomba dogo la shinikizo limeziba, pengine mawasiliano yamekatika na PLC inaendelea kuonyesha thamani ya mwisho iliyopokea. Ukaguzi huu uwe na sharti: ufanyike pale tu tofauti ya maji yanayoingia na yanayotoka inapotosha kusogeza kina. Tangi lililotulia usiku wa manane lina haki ya kusoma namba ileile. Na kama vipimo vinapita kwenye mtandao, kila kifaa kitume pia kihesabio kinachoongezeka kila mzunguko. Kihesabio kikisimama, data hiyo ni ya zamani hata kama inapendeza machoni.

Mwisho kabisa, kagua kama kipimo kinaingia akilini. Tarehe 25 Februari 2009 ndege ya Turkish Airlines, safari ya 1951, ilianguka ikikaribia kutua Schiphol, Amsterdam, na watu 9 wakafariki. Altimita ya redio ya upande wa kushoto, kifaa kinachopima urefu kutoka ardhini, ilikuwa ikisoma futi 8 chini ya sifuri wakati ndege bado iko angani. Mfumo unaoendesha nguvu za injini uliiamini, ukapunguza msukumo kana kwamba ndege inagusa ardhi. Altimita ya kulia ilikuwa inasoma sawasawa. Kwenye tangi letu kina cha sifuri huku mita ya kutoa inaonyesha mita za ujazo 12 kwa saa ni kitu kisichowezekana vilevile, na sharti la kukikataa ni mstari mmoja tu wa programu.

Hatua ya 3: Linganisha amri na kilichotendeka

Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island nchini Marekani, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka na haikufunga tena. Taa kwenye paneli iliwaambia waendeshaji kwamba imefungwa. Taa hiyo ilikuwa imeunganishwa na umeme unaotumwa kwenye vali, ilionyesha amri. Hali ya vali yenyewe hakuna aliyekuwa anaipima, na maji ya kupoza kinu yaliendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili.

Pita kwenye mfumo wako ukiuliza swali hilo kwa kila taa na kila alama ya kijani kwenye skrini: hii inaonyesha tulichoagiza, au kilichotokea? Vali iwe na swichi za mwisho wa mwendo au kihisi cha nafasi. Pampu isihesabiwe kuwa inafanya kazi kwa sababu kontakta, swichi ya umeme inayoiwasha mota, imeshika. Tazama mkondo wa mota na mtiririko. Mota inayovuta mkondo mdogo kuliko kawaida huku hakuna mtiririko huenda inazunguka kavu, au kiunganishi cha shafti kimekatika.

Hapa ndipo amri ya kidhibiti inapokuwa shahidi wako mkuu. Hifadhi kumbukumbu ya asilimia ya mwendo wa pampu pamoja na mtiririko uliopatikana. Kama zamani mita za ujazo 10 kwa saa zilipatikana kwa asilimia 60 na leo zinahitaji 75, kitu kimechakaa au kimeziba. Mstari wa kina haukuonyesha lolote muda wote huo, na usingeonyesha hadi pampu ifike asilimia 100.

Vali inayokwama ina alama yake nyingine: amri inapanda polepole, vali haisogei, halafu inaruka ghafla na kupitiliza, kisha mchezo unaanza upya upande wa pili. Kwenye chati amri inachora meno ya msumeno na mtiririko unachora ngazi. Wengi hukimbilia kurekebisha PID. Weka kwanza kidhibiti kwenye hali ya mkono, yaani mtu ndiye anayetoa amri. Mawimbi yakikoma, chanzo kiko ndani ya kitanzi hicho cha kihisi, kidhibiti na vali, ama vali ama mipangilio. Yakiendelea, yanatoka kwingine na kitanzi hiki kinayapokea tu.

Hatua ya 4: Jenga modeli ndogo, upate baki

Sasa tunaingia kwenye kiini cha kazi. Hitilafu ambazo ishara moja haiwezi kuzifichua hufichuliwa na hesabu inayounganisha ishara kadhaa.

Kwenye tangi hesabu ni nyepesi: maji yanayoingia, toa yanayotoka, gawanya kwa eneo la kitako. Yakiingia 14 na kutoka 8, mita za ujazo 6 zinabaki kila saa, na kina kinapanda mita 0.6 kwa saa, yaani sentimita 1 kwa dakika. Baada ya dakika 10 unatarajia sentimita 10. Kihisi kikisema 7, kuna upungufu wa sentimita 3. Zidisha kwa eneo: mita za ujazo 0.3 zimepotea kwa dakika 10, sawa na 1.8 kwa saa. Tofauti hii kati ya kilichopimwa na kilichotarajiwa ndiyo baki. Vifaa vyote vikiwa salama, baki huchezacheza kandokando ya sifuri. Likihama na kukaa upande mmoja, uhusiano fulani umevunjika.

Usitafute kasi ya kina kwa kutoa vipimo vya sekunde mbili zinazofuatana. Kwa sekunde moja maji yanapanda chini ya robo ya milimita, na kelele za kihisi, yaani kuchezacheza kwa kipimo bila sababu, pekee zinaweza kuwa milimita kadhaa. Utakuwa unachora kelele. Tumia dirisha la dakika 5 au 10.

Mfumo wenye vigezo vingi unahitaji mwangalizi: modeli inayoendeshwa ndani ya kompyuta sambamba na mfumo halisi, ikipewa amri zilezile, na kusahihishwa kidogo kila mara kwa vipimo. Rudolf Kalman alitoa kichujio chake mwaka 1960, na David Luenberger akaeleza mwangalizi wake mwaka 1964. Mbinu nyingi za leo zinasimama juu ya kazi hizo mbili. Kinachowasumbua watu hapa ni nguvu ya usahihisho. Ukiifanya kubwa, mwangalizi anamfuata kihisi hata kikipotea njia, na baki linakufa kabla hujaliona. Ukiifanya ndogo mno, makosa madogo ya mita za mtiririko yanajilimbikiza: kosa la mita za ujazo 0.1 kwa saa ni sentimita 1 kila saa, sentimita 24 kwa siku. Kwenye udhibiti wa kawaida unataka mwangalizi mwepesi kusahihishwa. Kwenye kutafuta hitilafu unataka mwenye ukaidi kiasi.

Ukizitazama namba hizo utaona pia mpaka wa mbinu yenyewe. Kihisi kinachopotoka sentimita 30 kwa miezi sita hakitakamatwa na baki hili, kwa kuwa upotofu wake kwa siku ni mdogo kuliko kosa la kawaida la mita za mtiririko. Huyo dawa yake ni kihisi cha pili cha aina tofauti, au mtu na fimbo ya kupimia kila wiki.

Hatua ya 5: Weka kizingiti kisichopiga kelele hovyo

Kusanya baki la mfumo ukiwa mzima, katika hali zake zote: tangi likijaa, likishuka, pampu ikiwaka, usiku na mchana. Kokotoa wastani na mkengeuko sanifu, σ, kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kandokando ya wastani. Vitabu vingi vitakuambia weka kizingiti kwenye 3σ. Tufanye hesabu. Kwa kelele za mgawanyo wa kawaida, asilimia 0.27 ya sampuli huvuka 3σ bila hitilafu yoyote. Ukipima kila sekunde una sampuli 86,400 kwa siku, kwa hiyo utapata kengele za uongo zaidi ya 230 kila siku. Siku ya tatu mwendeshaji atakuwa ameizima.

Njia moja ni kudai baki libaki juu ya kizingiti kwa muda fulani. Njia ninayoipendelea ni jumla limbikizi, aliyoieleza E. S. Page mwaka 1954, kwa sababu inakamata hitilafu ndogo zinazodumu ambazo kizingiti cha kawaida hakizioni kamwe. Kila sampuli, chukua jumla ya awali, ongeza baki, toa kiasi kidogo k. Jumla ikiwa hasi irudishe sifuri. Ikivuka kizingiti chake, h, piga kengele. Anza na k ya nusu σ na h ya 5σ. Baki likihama kwa σ moja tu, jumla inapanda nusu σ kila hatua, na kengele inalia baada ya takriban sampuli 10. Endesha jumla mbili, moja kwa upande wa juu na nyingine kwa wa chini. Kengele za uongo zikizidi, pandisha h. Lisha jumla hizo wastani wa dakika moja badala ya kila sekunde, kwani sampuli zinazofuatana kwa karibu huwa na kelele zinazofanana na kuharibu hesabu yote.

Pampu inapowaka, baki huruka kwa sababu mita huchelewa kuliko maji. Pandisha kizingiti kwa sekunde 30 hivi kila pampu inapobadili mwendo kwa kishindo. Usikifunge kabisa: kuwaka na kuzima ndizo nyakati ambazo vifaa hupenda kuharibika.

Hatua ya 6: Mtenge mkosaji

Kengele imesema kuna kitu. Ni kipi? Tengeneza mabaki kadhaa ambayo kila hitilafu inayagusa kwa mpangilio wake. Kwa tangi letu, ukiongeza kihisi cha shinikizo chini ya tangi, unapata matatu. Baki A ni kina dhidi ya hesabu ya maji. Baki B ni mita ya kuingiza dhidi ya mtiririko unaotarajiwa kwa mwendo huo wa pampu. Baki C ni kihisi cha kina dhidi ya kihisi cha shinikizo. Kisha soma alama:

- A na C zimelia, B kimya: kihisi cha kina.
- A na B zimelia, C kimya: mita ya kuingiza.
- B peke yake: pampu imechakaa, au bomba lake limeziba.
- C peke yake: kihisi cha shinikizo.
- A peke yake: tangi linavuja, au mita ya kutoa inadanganya.

Mstari wa mwisho una washukiwa wawili, na hakuna hesabu ya kompyuta itakayowatenganisha kwa vipimo hivi. Fanya jaribio. Funga maji ya kuingia na ya kutoka kwa dakika 20. Uvujaji wa mita za ujazo 1.8 kwa saa utashusha kina kwa sentimita 6. Kina kikitulia, mshukiwa ni mita. Tahadhari tu kwamba uvujaji kwenye bomba la kuingiza, kati ya mita na tangi, hauonekani pampu ikiwa imezimwa. Bomba hilo litembelee kwa miguu.

Hatua ya 7: Amua mfumo ufanye nini ukiwa na hitilafu

Kugundua bila mpango wa baadaye ni kupiga kelele tu. Kwa kila mstari wa jedwali la hatua ya 1, andika sasa mfumo utafanya nini.

Ukiwa na vihisi vitatu, tumia thamani ya katikati, usitumie wastani. Vikisoma 2.51, 2.49 na 4.80, ya katikati ni 2.51, na kihisi kibovu hakina sauti. Wastani ungekupa 3.27, namba ambayo hakuna hata kihisi kimoja kilichoisema. Ukiwa na viwili, utajua havikubaliani lakini hutajua mwongo ni nani. Hapo ile modeli ya hatua ya 4 ndiyo inayopiga kura ya tatu.

Ila vifaa vingi vinavyofanana si ulinzi dhidi ya kosa linalofanana. Roketi ya kwanza ya Ariane 5 iliruka tarehe 4 Juni 1996 ikiwa na mifumo miwili ya kupima mwendo, mmoja wa akiba. Yote miwili iliendesha programu ileile. Namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba nzima ya biti 16 ambayo haikuweza kuibeba. Wa akiba ukaanguka, na mkuu ukafuata kwa sababu hiyohiyo kabla hata sekunde moja haijaisha. Roketi ilikuwa imeharibika ndani ya sekunde 40 tangu injini kuwaka. Kwa hiyo angalia vihisi vyako vitatu vinashiriki nini: fyuzi moja, bomba moja la shinikizo, kadi moja ya PLC, mkebe mmoja unaoingia maji? Kihisi cha shinikizo kikisaidiwa na cha mawimbi ya sauti ni bora kuliko vitatu vya shinikizo vilivyofungwa kwenye tundu moja.

Kihisi kikikataliwa na hakuna cha kukirithi, shuka ngazi kwa ngazi. Kushikilia thamani ya mwisho kunafaa kwa muda mfupi tu. Kwa tangi letu nisingezidisha dakika 2. Kisha tumia kina kinachokadiriwa na modeli, huku umeshusha thamani lengwa kutoka 4.0 hadi 3.5. Tangi likishafika hapo, nafasi imekuwa mita nzima, na zile dakika 15 zimekuwa 30. Hata hilo likishindikana, fanya pampu iingize kiasi kilekile kinachotoka, bila kutazama kina. Ngazi ya mwisho ni hali salama.

Hali salama si lazima iwe kuzima. Vali ya mvuke wa kupasha moto inafaa ijifunge ikikosa umeme au hewa. Ya maji ya kupoza inafaa ijifungue. Tangi likiwa linalisha bomba la zimamoto, kufurika ni usumbufu na kukauka ni balaa, kwa hiyo pampu yake haizimwi kwa urahisi uleule. Uamuzi huu hauhusu programu, na asiachiwe mwandishi wa programu peke yake.

Hatua ya 8: Badili bila kuurusha mfumo

Kihisi cha kwanza kinasoma 4.0, cha pili 4.3. Ukihama ghafla, PID inaona kosa la sentimita 30 limezuka na kuikata pampu. Sambaza mabadiliko kwa dakika moja au mbili. Unaporudisha kidhibiti kutoka hali ya mkono kwenda otomatiki, sehemu ya I ianzie kwenye amri iliyopo pampuni. Na wakati wowote amri imegota kwenye asilimia 100 au 0, I isiendelee kulimbikiza. La sivyo pampu itaendelea kusukuma kwa nguvu zote muda mrefu baada ya hitilafu kwisha, na utadhani kuna hitilafu mpya.

Kihisi kilichokataliwa kisirudi chenyewe eti kwa sababu kimeanza kusoma vizuri. Waya uliolegea hufanya hivyo mara kumi kwa saa. Kifungie nje hadi mtu akikague.

Ujumbe kwa mwendeshaji nao ni sehemu ya udhibiti. “Hitilafu LT-1” haimsaidii mtu. Andika hivi: “Kihisi cha kina LT-1 kimekataliwa saa 14:20. Pampu inatumia LT-2, lengo limeshushwa hadi m 3.5. Pima kina kwa fimbo kabla ya saa 15:20.”

Hatua ya 9: Acha ulinzi mmoja usiopitia PLC

Yote hayo juu yanategemea PLC iwe hai. Weka swichi ya boya kwenye mita 4.4, iungwe moja kwa moja kwenye saketi inayoruhusu pampu kuzunguka. Iwe ya aina inayofunga saketi wakati wa kawaida na kuifungua maji yakipanda, ili waya wake ukikatika pampu isimame. Ongeza kipima muda cha ulinzi kinachozima matokeo ya PLC ikiwa programu haijakigusa kwa muda uliowekwa. Kiguswe mwishoni mwa mzunguko mkuu, baada ya kuhakikisha kila kazi muhimu imepita. Kikiguswa na saa ya ndani inayojiendesha, kitaendelea kuridhika huku programu yenyewe imeshakwama.

Hatua ya 10: Haribu mwenyewe, kwa mpango

Mfumo wa kuvumilia hitilafu ambao haujawahi kuonjeshwa hitilafu ni dhana. Anza kwenye kompyuta, kwa kuigiza tangi na kuingiza kila ubovu wa jedwali. Kisha njoo kwenye mfumo halisi, tangi likiwa chini na mwendeshaji akijua. Chomoa waya wa kihisi. Tumia kifaa cha kuiga mkondo, kishushe polepole kwa sentimita 1 kila dakika chache uone jumla limbikizi inaamka wakati gani. Ganda kipimo. Zima swichi ya mtandao. Inua boya kwa mkono. Kwa kila jaribio pima muda kutoka hitilafu hadi mfumo kutenda, na uuweke kando ya muda wa hatua ya 1.

Pampu na vihisi vya akiba vijaribiwe kwa ratiba, maana kifaa cha akiba kinaweza kuwa kimekufa miezi mingi bila mtu kujua. Kubadilishana zamu kati ya pampu kuu na ya akiba kila wiki huondoa tatizo hilo karibu lote. Jaribio likiisha, pitia PLC kuhakikisha hakuna thamani ya kulazimishwa iliyobaki, waya zote zimerudi mahali pake, kengele zilizozimwa zimewashwa, na mtu wa pili amekagua na kutia sahihi.